Kuwasha nyumba kwa gari la PHEV umeme unapokatika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye haibridi za kuchaji (PHEV) zilizotoka Japani zikiwa zimetumika na sasa zinatembea Tanzania, Kenya na Uganda, hasa Mitsubishi Outlander PHEV na Toyota Prius PHV. Maelekezo ya watengenezaji yanahusu nyumba za Japani, ambazo umeme wake ni volti 100. Nyumba zetu ni volti 230 au 240, na tofauti hiyo ndiyo inayounguza vifaa vingi.

Nitajuaje kama gari langu linaweza kutoa umeme?

Tafuta soketi yenye maandishi "AC100V 1500W". Kwenye Outlander hukaa nyuma ya konsoli ya katikati na nyingine kwenye buti. Kwenye Prius PHV angalia buti pia. Halafu tafuta swichi yake kwenye dashibodi, iliyoandikwa AC1500W au AC100V. Kuna matoleo ya gari hilohilo ambayo hayakuwekewa soketi hii kwa sababu ilikuwa nyongeza ya kulipia, kwa hiyo usinunue gari kwa kuamini jina lake tu. Mwambie wakala akutumie picha ya swichi.

Estima Hybrid, na baadhi ya Aqua, Prius na Harrier Hybrid, zina soketi kama hiyo ingawa hazichajiwi kwa waya. Karibu kila kitu kilicho hapa kinazihusu, isipokuwa kwamba betri zao ni ndogo sana, hivyo injini itawaka mapema na mara kwa mara.

Wati 1500 zinatosha nini?

Wati 1500 ni jumla ya soketi zote za gari, si za kila moja. Zinatosha friji, taa, televisheni, ruta ya intaneti, kompyuta mpakato na chaji za simu, na hata jiko la presha la umeme la wati 1000 ukizima friji kwanza. Hazitoshi heater ya kuogea ya papo kwa papo (wati 3500 na zaidi), birika la wati 2000 wala jiko la induksheni likiwa kwenye moto mkubwa.

Pampu ya maji ndiyo inayowadanganya wengi. Pampu ya nusu hosipawa hula kama wati 600 ikishazunguka, ila wakati wa kuanza hudai mara tatu hadi tano ya hizo, na gari hukata palepale. Jaza tangi la juu umeme ukiwepo. Kiyoyozi cha kawaida kina tabia hiyohiyo. Kile cha aina ya inverta cha BTU 9000 huanza taratibu na kinaweza kukubali, lakini hakitaacha nafasi ya mengine mengi.

Umeme wa gari ni volti 100 na vifaa vyangu ni vya 230. Nifanye nini?

Anza kwa kusoma vibao vya vifaa. Chaja za simu, kompyuta mpakato, ruta, televisheni nyingi za LED na baadhi ya balbu za LED zimeandikwa "100–240V". Hivyo havihitaji transfoma hata kidogo: unahitaji plagi ya Kijapani ya miguu miwili bapa na ekstensheni. Nyumba inayotaka mwanga, intaneti na televisheni tu inaweza kuishia hapo. Epuka adapta za safari za bei ya chini, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa ampia 6 hadi 10 na huyeyuka zikibebeshwa ampia 15. Kata kichwa cha ekstensheni na ufunge plagi halisi ya Kijapani ya ampia 15.

Friji na vifaa vingine vya 230 vinahitaji transfoma ya kupandishia umeme, na hapa inafaa kuwa mwangalifu. Zinazouzwa madukani nyingi zilitengenezwa kushusha 240 hadi 110 kwa ajili ya vifaa vya Marekani. Ukiigeuza na kuilisha volti 100 upande wa 110, utapata 218 ikiwa haina mzigo, na zitashuka hadi 205 au 210 friji ikianza. Ile ya 220/110 ni mbaya zaidi: inatoa 200 tu. Kompresa ikikosa volti hunguruma bila kuzunguka, hupata joto, kisha swichi yake ya usalama hukata. Ukirudia hivyo usiku mzima unaiua. Tena transfoma nyingi za aina hiyo zina koili moja inayotumika pande zote mbili, kwa hiyo hakuna utengano wowote kati ya gari na nyumba, na fyuzi yake hubaki upande usiofaa ukiigeuza.

Kilicho bora ni kumwagizia fundi anayesuka mota na transfoma. Mpe vipimo hivi: koili mbili zilizotengana, kuingia volti 100, kutoka volti 235 bila mzigo, VA 2000 za kudumu, isukwe kwa Hz 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), na iwe na swichi ya kukata joto likizidi. Transfoma ya kweli ya ukubwa huo ina uzito wa kilo 15 hadi 20. Iliyoandikwa "2000W" ambayo unainyanyua kwa mkono mmoja bila kujikaza haina shaba ya kutosha ndani.

Upande wa 230 weka breka ya ampia 6 aina ya C. Wati 1500 kwa volti 230 ni ampia 6.5, kwa hiyo mzigo ukizidi sana na kukaa hivyo, breka hiyo inalinda waya na transfoma, ingawa gari linaweza kukata kabla yake.

Transfoma ikae karibu na gari au ndani ya nyumba?

Karibu na gari, mahali pakavu penye hewa. Waya wa 1.5 mm² wenye urefu wa mita 20 ukibeba ampia 15 kwa volti 100 hupoteza takriban volti 7 njiani. Ukishapandisha hadi 230, waya huohuo unabeba ampia 6.5 na kupoteza takriban volti 3 tu. Upande wa volti 100 tumia 2.5 mm² na usizidi mita 3. Usiubane waya kwenye mlango wa gari; upitishe dirishani na uache upenyo mdogo.

Je, Hz 50 na Hz 60 zina tofauti kwa vifaa vyangu?

Japani mashariki hutumia 50 na magharibi 60, kwa hiyo gari lako linaweza kuwa limepangwa kwa yoyote kati ya hizo. Pima kwa multimita yenye alama ya Hz. Chaja na televisheni hazijali. Friji ya kawaida kwenye 60 itazungusha kompresa yake kwa kasi zaidi kwa asilimia 20, ikila umeme zaidi na kupata joto. Kwa usiku mmoja huvumilia, kwa mgao wa wiki nzima si vizuri. Friji ya inverta haina tatizo. Transfoma iliyosukwa kwa Hz 50 hufanya kazi kwenye 60, lakini ya 60 ikilishwa 50 huvuma na kuchemka, na ndiyo sababu ya kumwambia fundi asuke kwa 50.

Naweza kuchomeka waya kutoka kwenye gari hadi soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake?

Hapana. Waya wenye plagi dume pande zote mbili unaua. Umeme wako utapita kwenye mita na kutoka nje hadi transfoma ya mtaani, ambayo itaupandisha kinyume hadi volti 11,000 kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO au Kenya Power ameipanda akijua imezimwa. Kuzima mein swichi kwanza si kinga, kwa sababu siku moja mtu mwingine wa nyumbani ataiwasha. Na umeme ukirudi huku gari limeunganishwa, inverta ya gari (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi) hupigwa na volti 230 kwa nyuma. Kifaa hicho hakitengenezwi barabarani, na gari zima linaweza kusimama kwa sababu yake.

Basi njia halali ya kuwasha taa na soketi zilizopo ni ipi?

Chenjiova ya mkono ya pole mbili, yenye nafasi tatu: umeme wa shirika, sifuri, gari. Lazima ikate laivu na nyutro pamoja. Usiiweke kwenye laini kuu. Mwambie fundi atenganishe saketi chache (taa, soketi ya friji, soketi ya sebuleni) kwenye ubao wake mdogo na kuipeleka chenjiova hapo. Hivyo hata mgeni akiwasha heater ya bafuni, haitafika kwenye gari.

Suala la ethi linasahaulika mno. Soketi ya gari haina uhusiano na ardhi ya nyumba, na katika hali hiyo RCD yako (swichi inayokata umeme ukivuja) haitagundua hitilafu. Ukiwa na transfoma ya koili mbili zilizotengana, fundi anaunganisha ncha moja ya upande wa 230 na ethi ya nyumba, hiyo inakuwa nyutro, kisha anaweka RCD ya miliampia 30 baada yake. Usifanye hivyo na transfoma ya koili moja: utakuwa unaufunga umeme wa gari lenyewe kwenye ardhi. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, na abonyeze kitufe cha majaribio cha RCD mbele yako huku gari ndilo linalolisha.

Nina inverta na betri za sola tayari. Gari linaingiaje hapo?

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko zote, hata kwa asiye na paneli. Badala ya kupandisha volti 100 kuwa 230, tumia umeme wa gari kuchaji betri ya nyumba, na uiache inverta ya nyumba itoe 230 safi ya Hz 50. Transfoma haihitajiki, Hz za gari hazijalishi, na kishindo cha friji kuanza kinabebwa na inverta ya nyumba, gari halikioni.

Unachohitaji ni chaja ya betri iliyoandikwa "input 100–240V". Kwa betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya volti 24, chaja ya ampia 30 hutoa volti 29.2 mara ampia 30, yaani karibu wati 880, na huvuta kutoka kwenye gari takriban wati 1000. Hiyo ni theluthi mbili ya uwezo wa soketi, kiwango kizuri cha kufanya kazi kwa saa nyingi. Betri ya Ah 100 iliyoisha hujaa kwa takriban saa tatu, kisha unazima gari na kulala. Usichaji kwa kuchomeka umeme wa gari kwenye mlango wa AC wa inverta ya nyumba: inverta hiyo inatarajia 230 na itaukataa.

Faida nyingine ni mafuta. Gari likiwa READY (limewashwa kabisa, tayari kuendeshwa) hutumia lenyewe wati 200 hadi 300 kwa kompyuta na pampu zake. Ukiliacha usiku kucha kwa ajili ya taa na ruta, sehemu kubwa ya petroli inaliendesha gari tu. Kuchaji kwa mzigo mkubwa kwa muda mfupi kunapunguza hasara hiyo.

Hatua za kuwasha ni zipi?

Egesha nje, weka P na breki ya mkono, zima kiyoyozi na taa za gari. Kwa Outlander kanyaga breki na uwashe hadi READY, kisha bonyeza AC1500W. Kwa Toyota nyingi zenye hali ya dharura, unawasha hadi ON bila kukanyaga breki, kisha unabonyeza swichi ya AC100V mara tatu mfululizo; katika hali hiyo gari haliendeshwi, na ukigusa gia umeme unakatika.

Transfoma iwe imechomekwa kabla ya kubonyeza swichi ya AC, bila mzigo upande wa pili. Pima: inatakiwa isomeke kati ya 220 na 240. Washa friji kwanza, subiri dakika moja, ndipo uongeze taa na televisheni. Ukianza na taa kisha friji ije mwisho, kishindo chake kinakutana na mzigo uliokwisha kujaa. Friji ikizimika ghafla, ipe dakika tano kabla ya kuiwasha tena, ili shinikizo la gesi lishuke.

Jaribu yote haya mchana wa Jumamosi umeme ukiwepo. Usiku wenye giza si wakati wa kutafuta nani ana plagi ya Kijapani.

Litakaa saa ngapi?

Outlander ya kuanzia 2013 ina betri ya uniti 12 (kWh). Iliyoboreshwa mwaka 2018 ina 13.8, ya kizazi kilichofuata ina 20. Prius PHV ya 2017 ina 8.8 na ile ya kwanza 4.4. Hutazipata zote. Outlander huwasha injini betri ikifika karibu asilimia 30, kwa hiyo ile ya uniti 12 ikiwa mpya inatoa kama 8, na iliyochoka inatoa kama 6.

Chukua nyumba ya kawaida: friji wastani wa wati 60, balbu sita wati 54, televisheni 80, ruta 12, kompyuta na simu 60. Jumla ni 266. Ongeza 40 za transfoma na 250 za gari lenyewe, unafika kama 560. Gawanya uniti 6 kwa hizo: takriban saa kumi na nusu kabla injini haijawaka. Umeme ukikatika saa moja jioni, unafika karibu na alfajiri bila kuchoma petroli.

Baada ya hapo linakula mafuta kiasi gani?

Mitsubishi ilitangaza kwamba Outlander ya uniti 12, betri na tangi la lita 45 vikiwa vimejaa, inaweza kulisha nyumba inayotumia uniti 10 kwa siku kwa takriban siku 10. Ukitoa mchango wa betri, hiyo ni karibu uniti 2 kwa lita, na ni kwa kifaa maalumu cha nyumbani chenye mzigo wa kutosha. Kwa mzigo mdogo wa wati 300 au 400 kupitia soketi, weka makadirio ya uniti 1 kwa lita. Chukua bei ya lita ya leo, hiyo ndiyo gharama ya uniti moja. Linganisha na LUKU au tokeni zako, na utaona kwa nini ni vyema kulichaji gari kila umeme unaporudi, hata kwa saa mbili. Kwa volti 200 Outlander ya kwanza hujaa kwa saa nne hivi. Kabla ya kuchomeka waya wa chaji wa Kijapani kwenye 240, soma kibao kwenye kisanduku chake: kama kimeandikwa 200V pekee, tafuta waya wa Type 1 (aina ya plagi ya kuchajia ya gari hilo) uliotengenezwa kwa 240.

Naweza kuliacha ndani ya gereji, maana ni kimya?

Usifanye hivyo kamwe. Hatari ya PHEV ni kwamba huanza kimya kwa betri, kila mtu analala, kisha saa tisa usiku injini inawaka yenyewe. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na gereji iliyoungana na nyumba huipeleka hadi vyumbani. Hata banda lenye kuta tatu halifai kama bomba la moshi linaelekea dirishani. Egesha nje, moshi uelekee mbali na nyumba yako na ya jirani, na uweke king'ora cha gesi hiyo kwenye chumba kilicho karibu zaidi.

Soketi inajizima. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni mzigo: zima swichi, punguza, bonyeza tena. Ya pili ni transfoma yenyewe, ambayo huvuta mkondo mkubwa kwa sehemu ndogo ya sekunde inapowashwa. Za duara hufanya hivyo zaidi kuliko za mraba. Fundi anaweza kuongeza kizuizi cha NTC upande wa kuingilia ili iwake taratibu. Ya tatu ni joto: inverta ya gari hupumua kwa feni, na mizigo ikirundikwa kwenye buti inaziba matundu. Ya nne ni mafuta kuwa kidogo. Injini isipoweza kuwaka, umeme unakatika hata kama geji ya betri bado inaonyesha kitu.

PHEV yangu ya Ulaya haina soketi. Kuna njia?

Inverta ya volti 12, sine safi, isiyozidi wati 1000, iliyofungwa kwenye betri ndogo huku gari likiwa READY ili kigeuzi cha gari kiendelee kuilisha. Wati 1000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampia 90: tumia waya wa 35 mm² usiozidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampia 125 ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Kaa kwenye wati 500 au 600 kwa muda mrefu. Gari likiwa kwenye ACC (hatua ya kuwasha redio tu) badala ya READY, betri hiyo ndogo itaisha upesi na gari halitawaka.

Fundi anasema anaweza kuchota umeme moja kwa moja kwenye betri kubwa. Je?

Mkatalie. Nyaya za rangi ya chungwa kwenye Outlander zina takriban volti 300 za DC, ambazo cheche yake haijizimi kama ya umeme wa nyumbani. Vifaa vya Kijapani vya kulisha nyumba kupitia mlango wa CHAdeMO (wa kuchaji haraka) vipo, lakini vimetengenezwa kwa mfumo wa 100/200 wa kule na havilingani na nyumba yenye laivu moja na nyutro.

Betri kubwa haitachakaa?

Kulisha nyumba kwa wati 500 ni mzigo mwepesi mno kwake. Kupanda mlima mmoja kunaichosha zaidi. Kinachoizeesha ni joto na umri. Kwa Outlander unaweza kusoma Ah zilizobaki kwa kifaa cha OBD (kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari) na programu ya simu: seli zake za mwanzo zilikuwa za Ah 40. Ikisoma 28, hesabu saa zako kwa asilimia 70.

Nyumbani kuna mgonjwa anayetegemea umeme. Gari linatosha?

Kwa insulini, ndiyo: friji ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa mlango uliofungwa haihitaji kulishwa mfululizo. Kwa mashine ya oksijeni ya lita 5, inayovuta takriban wati 350, gari liwe la pili nyuma ya UPS au inverta yenye betri, kwa sababu soketi ya gari inaweza kukata bila taarifa. Weka pia mtungi wa akiba, na king'ora cha mashine kisizimwe usiku.